Maumivu ya taya kwa kusaga meno: mwongozo kamili wa matibabu ya kine, hatua kwa hatua

Hapa Bukavu mtu akiumwa taya, mlango wa kwanza anaobisha ni wa daktari wa meno, na ni sawa kabisa. Shida inaanza pale gego zima linapong'olewa, maumivu yakabaki palepale, kisha likafuata la pili. Mimi ni kine, yaani mtaalamu wa kutibu misuli na viungo kwa mikono na mazoezi, na ninaandika hasa kwa ajili ya watu hao: waliopimwa meno yakaonekana mazima, waliochunguzwa sikio likaonekana safi, lakini shavu bado linauma, panja zinagonga na kutafuna kipande cha nyama kumekuwa adhabu. Kwa wengi wao kinachouma ni misuli ya kutafuna, ambayo inafanya kazi usiku na mchana bila kupewa nafasi ya kulegea.

Msuli uliochoka kwa kazi hautibiwi kwa kuongezewa kazi. Kwanza unafundishwa kupumzika, halafu unalainishwa, ndipo unapewa mazoezi. Naona wengi wanaogeuza mpangilio huo: wanapanua mdomo kwa nguvu kila asubuhi, au wanatafuna chingamu kutwa ili taya lizoee. Wanaumia zaidi. Kwa hiyo hatua zilizo hapa chini zifuate kama zilivyopangwa, hata kama ya kwanza itakuonekania nyepesi mno.

Kinachouma ni nini hasa

Weka ncha za vidole mbele kidogo ya tundu la sikio, kila upande, kisha fungua na kufunga mdomo polepole. Kinachosogea chini ya vidole ni kiungo cha taya. Kati ya mifupa yake kuna kisahani cha gegedu. Mdomo unapoanza kufunguka, kichwa cha mfupa wa taya huzunguka mahali pake. Unapofunguka zaidi, huteleza kwenda mbele. Hapo ndipo wengine wanasikia mlio wa "tak". Mlio huo peke yake, bila maumivu na bila taya kukwama, si ugonjwa na hauhitaji matibabu.

Sasa shusha vidole mpaka shavuni, kati ya mfupa wa shavu na kona ya taya, uma meno kidogo. Ile nundu inayotuna ni msuli mkubwa wa kutafuna, unaoitwa maseta. Panda mpaka kwenye panja, uma tena: unasikia msuli mwingine ukisimama. Hii miwili ndiyo inayolaumiwa mara nyingi. Kuna mingine iliyofichika ndani zaidi, nyuma ya magego, lakini hiyo mwachie kine. Msuli wa shavu ukichoka hupeleka maumivu kwenye magego na sikioni. Wa panja huyapeleka kichwani na kwenye meno ya juu. Ndiyo maana mtu anaapa kwamba jino ndilo linalouma, na jino halina kosa.

Kuna kusaga meno usingizini, na kuna kukaza meno ukiwa macho. Mwaka 2018 kundi la wataalamu wa nchi mbalimbali liliafikiana kwamba mambo hayo mawili yatenganishwe, na kwamba kwa mtu mwenye afya si ugonjwa kwa lenyewe bali ni tendo la misuli. Tofauti hiyo ina faida kubwa kwenye matibabu. Ukiamka taya limekaza na kichwa kizito, halafu siku inavyosonga unapata nafuu, kazi kubwa inafanyika usiku. Ukiamka vizuri lakini kufikia jioni shavu linawaka, unakaza mchana bila kujua, iwe ofisini, sokoni au juu ya pikipiki. Wengi wana vyote viwili. Habari njema ni kwamba kukaza kwa mchana kunaweza kudhibitiwa, na mara nyingi ndiko kunakobeba sehemu kubwa ya maumivu.

Sababu ni nyingi na hukutana pamoja: wasiwasi, usingizi wa kukatikakatika, kahawa nyingi, pombe, sigara, kukoroma kwenye pumzi kusimamasimama, na baadhi ya dawa. Dawa za huzuni kama fluoksetini, sertralini na paroksetini zinajulikana kwa kuwafanya baadhi ya watu wakaze meno. Kama unazimeza, usiziache mwenyewe, mwambie aliyekuandikia. Na tuseme wazi: katika mji huu tumelala usiku mwingi huku sikio likiwa dirishani. Mwili unaosubiri mlio wa risasi haulegezi taya.

Neno moja kuhusu watoto, kwa sababu akina mama wananiuliza kila mara. Watoto wengi husaga meno usiku na wengi huacha wenyewe wanavyokua. Watu wanasema ni minyoo. Dawa ya minyoo mpe mtoto kwa wakati wake kwa sababu ya minyoo, lakini usitegemee kwamba itamaliza kusaga meno. Mazoezi yaliyomo humu ni ya watu wazima.

Kabla ya kuanza: wale wasiopaswa kuanza

Taya lililokaza pamoja na shingo ngumu, mwili unaoshtuka na kukakamaa, hasa kama ulipata kidonda siku au wiki zilizopita, ni pepopunda mpaka daktari aseme siyo. Nenda hospitali saa ileile, usikandwe na mtu yeyote.

Nenda pia haraka kama shavu au ufizi umevimba na una homa. Kama mdomo umebaki wazi na haufungi. Kama umepigwa au umeanguka na meno hayakutani tena kama zamani. Kama upande wa uso umekufa ganzi. Kama kuna uvimbe unaokua au unapungua uzito bila sababu. Maumivu ya taya yanayokuja unapopanda mlima na kutulia ukisimama, hasa yakiambatana na kubanwa kifua au jasho baridi, yanaweza kuwa ya moyo. Mtu aliyevuka miaka 50 anayechoka taya kila akitafuna, panja zikiuma kwa kugusa na macho yakififia, aonwe na daktari siku hiyohiyo.

Kama hakuna hata moja kati ya hayo, chukua kioo upime mambo matatu na uyaandike kwenye daftari. Kwanza, mdomo unafunguka kiasi gani: simamisha vidole vyako vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete, kimoja juu ya kingine, uvipitishe katikati ya meno ya mbele. Vikiingia vitatu, uko karibu na milimita 40, na hiyo ni kawaida. Vikiingia viwili tu, kiungo au misuli imebanwa. Pili, angalia kidevu kinaposhuka: kinashuka wima, au kinapinda upande mmoja? Tatu, yape maumivu namba kutoka 0 hadi 10, asubuhi na jioni. Kama taya lako lilikuwa na mlio wa siku nyingi, kisha ghafla mlio ukapotea na mdomo ukagoma kuzidi vidole viwili, usilipanue kwa nguvu. Inawezekana kisahani kimehama na kuziba njia. Mwone kine au daktari wa meno ndani ya siku chache.

Hatua ya kwanza: kulifundisha taya kupumzika

Hatua hii ndiyo ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo watu wanayoiruka. Uliza watu kumi wenye maumivu ya taya meno yanapaswa kukaaje wakati mdomo umefungwa, na wengi watakuambia: yakutane. Hapana. Meno hugusana wakati wa kutafuna na kumeza, na ukijumlisha yote kwa siku nzima, muda huo unahesabika kwa dakika. Saa zote zilizobaki yanapaswa kuachana.

Mkao wenyewe ni huu. Tamka "nnn" ukauvute. Ncha ya ulimi imepanda kwenye kaakaa, nyuma kidogo ya meno ya juu ya mbele, bila kuyasukuma. Acha ulimi hapohapo, legeza. Midomo imefungana kwa wepesi, meno ya juu na ya chini yameachana kidogo, pumzi inapita puani na kushuka tumboni. Mabega yameshuka. Kaa hivyo kwa pumzi tano au sita, za taratibu.

Kulijua pozi hili ni kazi ya dakika moja; kulikumbuka ndiyo kazi yenyewe. Tafuta vitu vinavyotokea mara nyingi katika siku yako uvifanye kengele: kila simu inapoita, kila unapokaa kwenye pikipiki, kila unapoosha mikono, kila umeme wa SNEL unapokatika au kurudi. Kengele ikilia, jiulize: meno yanagusana? Kama ndiyo, usijilaumu, yaachanishe, "nnn", pumzi tano, endelea na kazi. Siku za kwanza utashangaa utakavyojikuta umeyakaza karibu kila ukiangalia. Mshonaji aangalie hasa anapopitisha uzi, dereva anapopita mashimo, mwanafunzi anapoandika mtihani. Juu ya pikipiki, ulimi ubaki juu kwenye kaakaa, usiwe katikati ya meno, maana tuta moja linatosha kuuuma.

Fanya hatua hii peke yake kwa siku tatu au nne kabla ya kuongeza nyingine. Kuna watu ambao nusu ya maumivu yao huondoka hapa.

Hatua ya pili: joto

Loweka taulo dogo kwenye maji ya moto yaliyotoka kwenye mbabula, likamue, lijaribu kwanza upande wa ndani wa mkono, kisha liweke kutoka panja hadi kona ya taya, pande zote mbili. Likipoa, lichovye tena. Dakika 15 zinatosha, asubuhi au kabla ya kulala, na kwa baridi ya usiku ya Bukavu hii ni dawa inayopendwa. Usilale nalo. Kama taya limeumia ghafla, leo au jana, na linadunda, tumia kitambaa cha maji baridi kwa dakika 10 badala ya joto. Shavu lililovimba kwa usaha lisiwekewe joto wala kukandwa.

Hatua ya tatu: kukanda

Kanda baada ya joto, msuli ukiwa umelainika. Nawa mikono, kata kucha, paka mafuta kidogo shavuni.

Anza na panja. Weka ncha za vidole vitatu kila upande, kandamiza kwa uzito wa wastani, zungusha polepole bila vidole kuteleza juu ya ngozi, kisha sogea kidogo kuelekea juu ya sikio. Ukikuta sehemu inayouma kwa namna ya "ndiyo hapo hasa", simama juu yake, legeza taya, pumua, subiri. Baada ya sekunde 20 au 30 utasikia inaanza kuachia.

Kisha shavu kwa nje. Weka vifundo vya vidole, au kisigino cha kiganja, chini ya mfupa wa shavu. Kandamiza ndani kidogo, kisha teleza kushuka mpaka kona ya taya, huku mdomo ukifunguka wenyewe taratibu. Rudia mara tano. Usishuke chini ya kona ya taya kwenda shingoni. Pale pana mshipa mkubwa wa damu usiopaswa kubanwa.

Kukanda kwa ndani kunaogopesha, lakini ndiko kunakofika kwenye kiini cha msuli. Kwa shavu la kulia tumia mkono wa kushoto, wenye glavu au uliooshwa vizuri kwa sabuni. Ingiza kidole gumba ndani ya shavu, nje ya meno, na kidole cha shahada kibaki nje, mkabala nacho. Uma kidogo sana: unene unaotuna kati ya vidole vyako ndio maseta. Sasa achia meno, legeza kabisa. Bana unene huo kwa upole na utafute uzi mgumu ndani yake, unaoteleza chini ya kidole na kuuma ukiuminya. Ukiupata, usiusugue. Ushike tu, kwa nguvu ambayo maumivu yake hayazidi 4 kati ya 10, na uendelee kupumua puani. Kwa wengi mate hujaa na jicho la upande huo hulengwa machozi, si kitu. Uzi ukilegea, sogea chini kwa upana wa kidole, ushike tena. Dakika mbili kila upande, siku moja ndiyo, siku moja hapana, kwa wiki ya kwanza. Shavu likibaki linauma kesho yake, ulibana mno, punguza. Usitafute misuli ya ndani kabisa nyuma ya gego la mwisho: hapo pana kina na si mahali pa kujifunzia peke yako.

Hatua ya nne: mwendo unaoongozwa

Kaa mbele ya kioo, ikiwezekana ukiwa umejichorea mstari wima katikati kwa sabuni. Panda ulimi kwenye kaakaa kama hatua ya kwanza. Fungua mdomo polepole bila ulimi kuachia kaakaa. Utagundua haufunguki sana. Hilo ndilo kusudi, maana kiungo kinazunguka tu bila kuteleza mbele. Kidevu kifuate mstari wa kioo. Kikipinda, rudi, anza upya kwa mwendo mdogo zaidi. Mara sita.

Baada ya wiki moja au mbili, ukishafungua wima bila maumivu kuzidi, ongeza ukinzani. Weka kidole gumba chini ya kidevu, mdomo ukiwa wazi kwa upana wa kidole kimoja, sukuma kidevu chini dhidi ya kidole kwa nguvu ndogo, bila kuruhusu kisogee, kwa sekunde tano, kisha legeza. Misuli inayofungua ikifanya kazi, ile inayofunga hupewa ruhusa ya kulegea, na mara nyingi mdomo hufunguka zaidi papo hapo. Kisha fanya vivyo hivyo kulia na kushoto, kiganja kikiwa ubavuni mwa taya.

Mariano Rocabado, mtaalamu wa kine kutoka Chile, ndiye aliyepanga mazoezi haya ya ulimi, taya, shingo na mabega katika mfululizo wa sita: kila zoezi mara sita, kutwa mara sita. Kwa mama mwenye duka na watoto, kutwa mara sita ni nyingi. Ukipata mara tatu au nne kila siku bila kukosa, ninaridhika. Kidogo cha kila siku kinashinda kingi cha Jumapili.

Kunyoosha kunakuja mwisho, na kwa wale tu ambao mdomo wao haufiki vidole vitatu. Kidole gumba kwenye meno ya juu ya mbele, cha shahada kwenye ya chini, vikiwa vimepishana kama mkasi, sukuma taratibu mpaka uhisi kuvutwa, si kuchomwa. Sekunde 30, pumzika, rudia mara tatu. Mlio ukitokea na maumivu makali, acha zoezi hili mpaka kine akuone.

Shingo, mabega na mzigo

Hapa ndipo ninapowakumbuka akina mama wabebaji wa mji huu. Mwangalie mmoja anavyopandisha gunia la makala, yaani makaa, kuelekea soko la Kadutu. Mkanda unapita kwenye paji la uso, gunia linavuta kichwa nyuma, shingo inajibu kwa kusukuma mbele, na mlima ukizidi, midomo inabanwa na kona za taya zinatuna. Hatua moja, meno yanakazwa. Nyingine, yanakazwa zaidi. Anafika juu, anatua mzigo, mgongo unanyooka, lakini ukimgusa shavu utakuta taya bado halijatuliwa.

Sitamwambia aache kubeba. Watoto wanakula kutokana na gunia hilo. Namwambia mambo manne. Mama, mkanda uwe mpana, na uweke kitambaa kilichokunjwa chini yake. Ukipanda, ulimi juu, pumua kwa kupuliza kupitia midomo iliyolegea, kwa sababu huwezi kukaza meno huku unapuliza. Kila unapopumzika njiani, tua pia taya: "nnn", pumzi tano. Na ukishatua mzigo kabisa, simama umeegemea ukuta, vuta kidevu nyuma kama unayetaka kisogo kiguse ukuta, macho yakitazama mbele, shikilia sekunde tano, mara sita. Kisha vuta mabega nyuma na chini, mara sita.

Zoezi hilo la ukuta ni la kila mtu, na zaidi ni la wale wanaoinamia simu na kompyuta. Kichwa kikisogea mbele, misuli ya chini ya kidevu huvuta taya nyuma na ile ya kutafuna hukaza ili kulirudisha. Unaweza kukanda taya mwezi mzima bila faida kama shingo haikuguswa.

Kile ambacho kine pekee ndiye anayefanya

Kine akiwa na glavu huweka kidole gumba juu ya magego ya chini na vidole vingine chini ya kidevu, kisha huvuta taya kuelekea chini, kwa upole na kwa kushikilia, mara nyingine akilisogeza mbele. Hiyo hukipa kiungo nafasi. Anaweza pia kufika kwenye misuli ya ndani, na kutengeneza mwendo wa shingo ya juu. Kwa kawaida mnaonana mara moja au mbili kwa wiki, na kazi nyingine yote unaifanya nyumbani.

Mashine za umeme za kupunguza maumivu zipo baadhi ya mahali na zinaweza kutuliza kwa muda. Usisikitike kama hospitali yako haina au umeme hakuna. Mwongozo uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la BMJ kuhusu maumivu ya taya yaliyodumu miezi mitatu au zaidi uliyapa kipaumbele mambo ambayo hayahitaji waya hata mmoja: mikono ya mtaalamu, mazoezi ya taya na ya mkao yanayosimamiwa, na tiba ya mazungumzo ya kubadili namna mtu anavyoyakabili mawazo na maumivu.

Hilo la mwisho tulichukulie kwa uzito. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999, imeuzoesha mji huu wazo kwamba mwili na roho iliyojeruhiwa hutibiwa pamoja. Mtu asiyelala kwa ndoto mbaya atasaga meno hata nikimkanda kila siku. Anahitaji mtaalamu wa saikolojia, na kumpeleka huko si kumwita kichaa. Na kwa wenzangu wa kazi: kumwingizia mtu vidole mdomoni si jambo dogo, hasa kwa aliyepitia ukatili. Eleza kwanza kila utakachofanya. Omba ruhusa kila mara. Kubaliana naye ishara, akiinua mkono unatoa vidole papo hapo. Akitaka dada yake au mama yake akae ndani, akae. Mgonjwa naye ajue ana haki ya kudai haya yote.

Usiku na mezani

Lala chali au ubavu, mto ukijaza nafasi kati ya bega na kichwa. Kulala kifudifudi hulisukuma taya upande mmoja usiku kucha. Kahawa yetu ya Kivu ni nzuri, lakini iishie saa sita mchana; pombe za jioni kama kasiksi na Primus, tumbaku pia, zipunguze, maana zinaharibu usingizi na kuchochea kusaga. Kama mwenzi wako anasema unakoroma kisha pumzi inasimama, nenda kwa daktari kwa ajili ya hilo kwanza.

Daktari wa meno anaweza kukutengenezea gutiera, kile kifuniko cha plastiki cha kuvaa usiku. Kazi yake ni kulinda meno yasilike. Haizuii misuli kukaza na haichukui nafasi ya mazoezi. Kataa kabisa kusagiwa meno mazima ili "yakutane vizuri" kama tiba ya maumivu haya. Jino lililosagwa halirudi.

Kwa wiki mbili za mwanzo kula vitu vya kutafuna kidogo: bugali laini, sombe iliyotwangwa vizuri, lengalenga, maharage, viazi, ndizi, parachichi, sambaza za mchuzi badala ya zile kavu. Muwa, mahindi ya kuchoma, karanga kavu na mishikaki migumu visubiri. Embe na mhogo vikate vipande vidogo, usiving'ate kwa meno ya mbele. Tafuna pande zote mbili. Baada ya hapo rudisha chakula cha kawaida kidogo kidogo, maana taya lililozoea uji tu hudhoofika. Ukipiga miayo, weka ngumi chini ya kidevu ili mdomo usipanuke mno.

Muda na namna ya kujipima

Wiki ya kwanza na ya pili ni za pumziko, joto, chakula laini na kukanda. Ya tatu na ya nne, ongeza mwendo unaoongozwa na shingo. Kuanzia ya tano, ukinzani. Maumivu madogo wakati wa zoezi, yasiyozidi 3 kati ya 10 na yanayotulia ndani ya saa moja, yanakubalika. Yakikaa mpaka kesho, punguza idadi ya marudio kwa nusu, usiache kabisa.

Kinachobadilika kwanza mara nyingi ni asubuhi: unaamka na kichwa chepesi. Kufunguka kwa mdomo hufuata. Wengi hupata nafuu ya kueleweka kati ya wiki ya nne na ya nane. Maumivu yatarudi siku moja, baada ya msiba, mtihani au wiki ya usingizi mbaya. Yakirudi, usianze na mazoezi magumu. Rudi kwenye "nnn", taulo na chakula laini kwa siku nne au tano, kisha endelea pale ulipoishia.

Kama wiki sita zimepita umefuata kwa uaminifu na namba za daftari hazijashuka, mwone kine na daktari wa meno ndani ya wiki moja, ili kila mmoja ajue mwenzake ameona nini. Nenda na daftari, gutiera kama unayo, na orodha ya dawa zote unazomeza, za hospitali na za kienyeji.